Vuai na Mlima wa Majivu wa Sultani

Palikuwa na sultani, Hamdani jina lake, aliyeamuru watu wausalimie mlima wa majivu. Shikamoo, mlima. Usicheke, wewe, ungekuwepo ungeusalimia kwa magoti yote mawili.

Mlima ulikuwa wake. Alichoma taka za mji mzima: betri, kandili mbovu, makopo ya rangi, hata kinanda cha shemeji yake. Majivu akayarundika mteremkoni, juu kidogo ya kisima, akawatambia wageni kuwa mji wake hauna taka. Mvua ikanyesha. Maji yakapenya kwenye majivu yakashukia kisimani, na wiki ileile beberu wa kadhi akaota ndevu za kijani.

Aliyeumia ni Vuai, muuza kahawa, aliyechota maji kisimani hapo. Wateja walionja, wakatema, wakaenda zao. Na kinywa cha Vuai hakina kitasa. Akasema barazani kuwa mlima unavuja sumu. Kabla ya adhuhuri alikuwa mbele ya sultani, kalikumbatia dele lake la shaba la kuchemshia kahawa.

"Wewe ndiye unayeutukana mlima wangu?"

"Siutukani, Bwana. Mimi nausalimia, na wenyewe unanijibu kisimani."

"Kilichoungua kimekwisha. Kilichokwisha hakitoi kitu. Au sivyo, kadhi?"

"Ndivyo, Bwana," akasema kadhi, kashata shavuni.

"Basi kahawa yako ndiyo mbovu. Katangaze hivyo sokoni, la sivyo dele naliyeyusha. Nionyeshe kilichoungua kikitoa kitu, na mimi mlima nauhamisha."

Vuai akalipapasa dele. Bila hilo angekula nini, mlima?

"Bwana, asubuhi nilikuletea nini?"

"Kahawa."

"Buni yangu, maji ya tangi lako. Buni niliikaanga mpaka ikawa nyeusi kama roho ya mdai. Iliungua, haikuungua?"

"Iliungua."

"Basi ulikunywa maji matupu. Mbona kikombe ulikilamba?"

Sultani akakohoa. "Kahawa ni kahawa. Majivu ni majivu."

"Haya, tuyaonje."

Vuai akaenda mlimani, akarudi na majivu. Akayatia kwenye kopo. Kwenye dele lake? Thubutu. Akayamwagia maji safi ya tangi la sultani, akayakoroga, akayachuja kwa kitambaa. Kikapatikana kikombe kimoja, rangi yake shingo ya njiwa.

"Karibu, Bwana. Maji matupu."

Sultani akampitishia kadhi. "Anza wewe."

"Mimi leo nimefunga, Bwana," akasema kadhi, akameza kashata.

Kikombe kikarudi. Sultani akakinusa. Machozi yakamtoka, kilemba kikamwinamia upande. Akakisukuma kwa ncha ya kidole.

"Kamwage. Kamwage mbali kabisa."

"Sawa, Bwana," akasema Vuai. "Mbali wapi? Nionyeshe vizuri, maana mlima mzima uko nyuma yangu kwenye foleni."