Fungu la Aliyebaki na Moto

Aliyebaki na moto ndiye wa kwanza kupakuliwa. Ndivyo nilivyosema sasa hivi, Twahiri, nilipoushika mkono wako ukiwa tayari umezama kwenye sinia ya pilau. Usinune. Harusini mmekwenda nyote, mmecheza, mmepiga picha, na shangazi yenu Mwanahija amebaki hapa na masufuria tangu alfajiri. Nuswaiba ananiuliza methali hii nimeitoa wapi, maana shuleni hawakufundishwa. Hamkufundishwa kwa sababu niliipata mbali, bandari ya Pirea huko Ugiriki, nilipokuwa mpishi wa meli. Nilisimuliwa na mama mmoja muuza supu ya dengu, nami nimeitia chumvi kidogo, kama ilivyo tabia ya wapishi. Basi pilau ipoe, haitakimbia. Chanzo chake ni hiki.

Zamani sana, Wayunani waliamini kwamba juu ya mlima Olimpo unaishi ukoo mzima wa miungu, wote katika nyumba moja kubwa. Na ukoo ule, wajukuu zangu, ulikuwa kama huu wetu: mapenzi tele na kelele tele. Mkuu wao alikuwa Zeu, mwenye radi. Mkewe aliitwa Hera, na alikuwa pia dada yake, lakini hayo ni ya kwao, tusiyaingilie. Mjumbe wao, ambaye ndiye aliyegawa chakula, aliitwa Herme. Katikati ya nyumba palikuwa na jiko, na pembeni ya jiko alikaa dada yao mkubwa, Hestia.

Huyu Hestia alikuwa kifungua mimba na kitinda mimba kwa wakati mmoja. Msicheke, nitaeleza. Baba yao, Krono, aliogopa kwamba watoto watamnyang'anya ufalme, kwa hiyo kila aliyezaliwa alimmeza mzima mzima. Hestia alimezwa wa kwanza. Zeu peke yake alifichwa na mama yake, na alipokuwa mkubwa alimlazimisha baba yake awatapike ndugu zake. Walitoka kinyumenyume, aliyeingia mwisho akatangulia, na Hestia akatoka nyuma ya wote, kana kwamba amezaliwa upya akiwa mdogo wao.

Kazi yake ilikuwa kutunza moto. Moto ule ndio uliokuwa mama wa mioto yote duniani. Ukiwaka vizuri Olimpo, chungu cha mwanadamu kinachemka. Ukizimika, dunia nzima inakosa chakula na joto. Kwa hiyo Hestia hakutoka. Wenzake walikwenda vitani, walikwenda kuposa, walikwenda kugombana, yeye yupo. Kila mwaka miungu wote walialikwa na Wahabeshi kwenye karamu ya siku kumi na mbili, maana hakuna watu waliowapenda kama Wahabeshi kwa ukarimu wao. Na kila mwaka Hestia aliwafunga kamba za viatu mmoja mmoja, akawaambia, "Nendeni salama, mtanikuta."

Viti vya wakubwa pale nyumbani vilikuwa kumi na viwili. Siku moja akaja Dioniso, mwana wa Zeu aliyezaliwa nje na mwanamke wa duniani, kijana mwenye taji la majani ya mzabibu. Akasimama mlangoni, hana pa kukaa. Wakubwa wakaanza kubishana nani ampishe, na hakuna aliyetaka kumpisha. Kijana akaanza kurudi nyuma, machozi yakimlengalenga. Hestia akanyanyuka.

"Chukua changu, mwanangu," alisema. "Mimi hata sikikalii, nipo jikoni mchana kutwa."

Wakampigia makofi. Zeu alimsifu mbele ya wote, kisha wakakaa kula.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na halikuwa kosa la mtu mbaya. Herme aligawa chakula kwa viti. Zamani, fungu la kiti cha Hestia lilikuwa likipelekwa jikoni. Sasa kiti kilikuwa cha Dioniso, na fungu likawa la Dioniso. Hestia aliona sahani zinapita, akasema moyoni, leo wamesahau. Kesho yake zikapita tena. Hera alidhani Zeu amemwekea. Zeu alidhani ni Hera. Waliobaki walidhani mtu wa jikoni hawezi kushinda na njaa, na hilo, niaminini mimi niliyepika melini miaka ishirini na sita, ni wazo la kipumbavu kuliko yote. Harufu haijazi tumbo.

Mbona hakusema? Kwa sababu alikuwa dada mkubwa, na dada mkubwa huona haya kuomba chakula kwa wadogo zake. Akaendelea kuchochea moto.

Msimu wa karamu ukafika. Akawafunga viatu kama kawaida, wakaondoka wakiimba, wala hakuna aliyeona kwamba amekonda. Siku ya tisa nguvu zikamwishia. Hakuuacha moto, lakini mikono haikuweza tena kuinua kuni. Moto ukawa unawaka bila joto.

Chini duniani, katika kijiji kimoja cha wafuga mbuzi, mwanamke aitwaye Mirto alikuwa na mtoto wa siku tano. Kwa desturi yao, siku ya tano mtoto hubebwa akazungushwa jiko, ndipo ahesabiwe kuwa wa nyumba ile. Mirto aliinjika chungu cha dengu asubuhi. Adhuhuri akatia kidole, maji bado ni ya kisimani. Miali ya moto ipo, joto hakuna, na nje theluji inaanguka. Mtoto akaanza kupoa mikononi mwake. Mumewe na majirani walikimbilia uani wakamwita Zeu kwa sauti kubwa. Zeu yuko kwa Wahabeshi, mdomo umejaa.

Mirto hakutoka. Alikaa akiutazama moto, akamkumbuka marehemu mama yake, aliyekuwa akiwapikia watu tisa kisha akakwangua ukoko wakati wengine wanapiga mbweu. Ni siku mama yule alipoanguka ndipo walipogundua kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpakulia.

"Na wewe, mama," Mirto aliuuliza moto, "umekula?"

Ndani ya nyumba palikuwa na mkate mmoja wa shayiri, aliowekewa yeye mzazi. Aliupaka asali, na bila kuonja hata chembe, akauweka motoni.

"Kula," alisema. "Aliyebaki na moto ndiye wa kwanza kupakuliwa."

Mkate ukaungua huku, ukafika kule. Hestia aliuona umetua mapajani pake, akalia kabla ya kuuma. Alikula nusu, akapata nguvu ya kuinua gogo moja, kisha la pili. Kijijini chungu kikaanza kutokota. Mirto akambeba mwanawe akamzungusha jiko, na joto likawapiga usoni wote wawili. Mtoto akalia kwa hasira, na mama yake akacheka.

Miungu waliporudi walimkuta dada yao kwenye majivu, anatafuna ile nusu iliyobaki, aliyoibana siku zote zile.

"Dada," Zeu alicheka, "unakula mkate wa binadamu, na chakula cha miungu kimejaa ghalani?"

"Chakula kimejaa," alisema Hestia. "Fungu langu ndilo halimo."

Zeu akamgeukia mgawaji.

"Herme! Fungu la dada unalipeleka wapi?"

"Mzee, mimi nagawa kwa viti..." Herme alianza, na kabla hajamaliza akaelewa, akainamisha kichwa.

Dioniso, aliyekwisha kukaa, aliruka kutoka kitini kama aliyekalia kaa la moto. "Kumbe nimekuwa nikila chakula chako! Shangazi, nisamehe. Chukua kiti chako."

"Kaa, mwanangu. Nilichokupa nimekupa." Hestia aliwatazama mmoja mmoja. "Mimi sikutaka kiti. Nilitaka mtu mmoja tu aje jikoni aniulize, dada, umekula?"

Hera, ambaye hakuwa mtu wa machozi, alijifunika uso kwa mtandio.

"Zeu, wewe hukumezwa, huwezi kujua," alisema. "Tumboni mwa baba kulikuwa giza tupu, na mimi nilikuwa mtoto mchanga. Nilipoanguka kule, kuna mikono iliyonidaka. Ilikuwa yake. Alitupokea wote tuliomezwa, mmoja baada ya mwingine. Yeye alipoingia, hakupokewa na mtu."

Zeu aliweka radi yake chini. Alichukua sahani, akapakua kwa mkono wake mwenyewe, akapiga magoti kwenye majivu na nguo zake za karamu. "Kula, dada," alisema. "Sisi tutasubiri."

Wakasubiri, wakubwa wote wale, wamesimama, mpaka alipomaliza. Kisha Zeu akaamuru kwamba katika kila karamu, ya juu na ya chini, fungu la kwanza na la mwisho liwe la Hestia, kwa kuwa alizaliwa wa kwanza na wa mwisho. Herme alitaka kuitungia amri hiyo maneno makubwa. Hestia akamwambia maneno yapo tayari, yamesemwa na mzazi wa siku tano.

Yule mama wa Pirea aliponisimulia haya, alikuwa ameniona nimevaa aproni, akanipakulia supu kabla ya mabaharia wenzangu wote. Sikuwa nimejua kama nina njaa ya namna ile. Nililia, mtu mzima mimi, na ndevu zangu, mbele ya watu.

Unakwenda wapi na sahani, Twahiri? Jikoni? Haya, mwekee minofu, usimpe mifupa. Na usiitue sahani ukakimbia. Muulize kwanza, "Shangazi, umekula?" Ungoje akujibu. Pilau yetu itatukuta hapa hapa, maana aliyebaki na moto ndiye wa kwanza kupakuliwa.