Koti la Asajile

Akililia wembe mnyime. Ngozi haisahau sindano.

Najua mmezoea kuisikia kwa namna nyingine. Shuleni mlifundishwa kwamba mtoto akililia wembe apewe, umkate, ndipo akome. Ndiyo maana leo asubuhi, Mama Nsia alipomjibu binti yake kwa maneno haya, mlicheka mkidhani ameipindua methali kwa hasira. Hakuipindua yeye. Ilipinduliwa zamani, hapa hapa Katumba, kwenye baraza la duka la vitambaa, na aliyeipindua alikuwa mtu wa kubana pini mdomoni. Sogeeni niwaeleze ilivyozaliwa.

Enzi hizo vijana walivaa suruali za bugaluu zilizofagia njia, na viatu vya raizoni vilivyowapandisha wafupi wakawa warefu. Nywele zilichanwa zikasimama kama mchai ambao haujapogolewa. Mvua tu ndiyo iliyokuwa hii hii mnayoijua: inanyesha leo, kesho inapumzika, ili keshokutwa inyeshe vizuri zaidi.

Katika vijana hao alikuwapo Lugano, mwana wa Asajile, mwembamba kama ufito, umri wake miaka kumi na saba. Alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano Songea, na basi lake lilikuwa la Jumamosi. Alikuwa pia amefiwa na baba yake mwanzoni mwa mwaka ule ule. Matanga yalipokwisha, wazee waligawa vitu vya marehemu, na Lugano akapewa koti la ngozi.

Koti lile lilijulikana kuliko watu wengi. Asajile alirudi nalo kutoka migodi ya kusini akiwa bado kijana, jeusi, zito, lenye zipu ya shaba. Baadaye alipopata kazi ya kukagua majani ya chai, alilivaa kila siku juu ya pikipiki yake, masika na kipupwe. Watoto walimtambua kutoka mbali kwa jinsi alivyokaa: viwiko amevibana mbavuni kama kuku aliyekunja mabawa. Lugano aliamini hakuna mwanamume duniani aliyekaa kwa madaha kama yale. Hata yeye alipotembea kwa miguu, alibana viwiko.

Siku aliyopewa koti, alipekua mifuko yote. Alikuta bonge la nta ya nyuki, kubwa kama yai la njiwa, limebonyea alama za vidole. Hakujua lilikuwa la nini. Alilirudisha mfukoni kwa sababu ya zile alama.

Tatizo ni kwamba koti lilimmeza. Mabega yalimwangukia, mikono ikafunika vidole. Alipokatiza sokoni, wenzake walishika mbavu kwa kicheko.

"Jamani, mmemwona Lugano?"

"Mimi nimeona koti tu likipita. Nimeliamkia, halikuitika!"

Jumanne ya wiki ile ya safari akalipeleka kwa Fundi Sekela.

Sekela alikuwa na cherehani ya miguu kwenye baraza la duka, na sifa mbili: mkono mwepesi na mdomo mzito. Alishona sare za shule, magauni ya kipaimara, suruali za wazee wasiotaka kununua nyingine. Mmoja wa wazee hao, Mzee Mwaipaja, alikuwa kwenye benchi siku ile akisubiri kiraka chake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwana wa Asajile. Umelileta?"

"Nataka ulibane mbavu, lishike kiuno. Mikono uipunguze. Na huku chini ukate, liishie kwenye mkanda."

Sekela alilipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akapapasa bega, akapapasa upindo, akaingiza mkono chini ya kwapa. Hapo vidole vyake vikasimama.

"Hili silikati," alisema.

"Kwa nini? Hujui kushona ngozi?"

Benchi zima liliguna. Sekela hakuguna.

"Najua. Ndiyo maana silikati."

"Lakini ni langu!"

"Ni lako. Lisubiri, utalijaza."

"Nitalijaza lini, Fundi? Basi ni Jumamosi! Nitashukaje Songea nimevaa hema?"

Mzee Mwaipaja, ambaye alitaka zamu yake ifike, alikohoa. "Fundi, mkatie tu. Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe."

Juu ya meza ya cherehani palikuwa na wembe wa kufumulia, nusu umefungwa kitambaa. Sekela aliutazama.

"Mhenga huyo hakuwa fundi wa nguo," alisema. Kisha akamgeukia Lugano. "Liache. Njoo Ijumaa."

Lugano aliondoka akipiga mluzi. Alidhani ameshinda.

Ijumaa alikuja amevaa kamili, bugaluu na raizoni, nywele zimesimama. Alilipokea koti, akalivaa mbele ya benchi. Mikono iliishia kwenye kifundo, sawasawa. Mabega yalikaa, kwa maana Sekela alikuwa ameyajaza pamba kwa ndani. Lakini mbavu zilikuwa pana vilevile, na upindo ulishuka hadi mapajani vilevile. Aliichungulia mikono akaona imekunjwa tu kwa ndani, ikashikizwa kwenye bitana kwa uzi wa mkono. Ngozi yenyewe haikuguswa.

Lugano alikuwa ameshawaambia wenzake wote kwamba koti linabanwa. Alikuwa amejiona akishuka basi, watu wakiulizana, ni nani yule? Sasa machozi yakamtoka, mbele ya benchi, mbele ya Mzee Mwaipaja, na hilo likamuuma kuliko koti.

"Basi nitalikata mwenyewe!" alisema, akalivua koti, akalibwaga mezani, akanyakua wembe.

Sekela aliweka kiganja chake juu ya ngozi, wazi, vidole vimetanuka. Lugano alisimama na wembe wake, akaona kwamba njia ya kulifikia koti inapita kwenye mkono ule. Akautupa wembe mezani, akaenda kumwita mama yake, Tumpe.

Mama alikuja moja kwa moja kutoka shambani, kikapu cha chai bado mgongoni. Hakusalimia.

"Sekela! Mtoto amefiwa na baba yake, nawe unamnyima hata koti lake? Umemliza barazani kama mwizi! Mwombe radhi, hapa hapa, watu wasikie."

Sekela alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Tumpe, tua kikapu," alisema. "Ingieni ndani, wewe na mtoto. Hili si la benchi."

Ndani ya duka, katikati ya majora ya vitambaa, aliligeuza koti. Akachukua wembe ule ule, akafumua bitana chini ya kwapa, akaifunua.

Kutoka kwapani hadi kiunoni, mistari miwili ya matundu iliteremka kama nyayo za sisimizi. Upande wa pili vivyo hivyo. Na kila tundu lilikuwa limezibwa kwa kitu cha manjano.

"Mimi ndiye niliyeyatoboa," alisema Sekela. "Asajile aliporudi kutoka migodini, hili koti lilikuwa pana kwake, kama kwa huyu. Palikuwa na ngoma Jumamosi, akataka libane. Fundi mkuu aliyenifundisha kazi alikuwa msibani. Akanibembeleza, akanisifu, akaniambia mkono wangu unampita huyo mkuu. Nami nilikuwa mwanagenzi wa miaka kumi na minane. Nikalibana. Alipendeza, siwadanganyi. Mwaka wa pili akaoa, akala ndizi na maziwa, akajaza kifua. Akarudi nifumue."

"Ukafumua," alisema Lugano.

"Nikafumua. Kitambaa ukikifumua, unakilowanisha, unakipiga pasi, kinasahau. Ngozi haina pasi ya kusahaulisha. Uzi ulitoka, matundu yakabaki, na mvua ya kwetu ikayaona. Huwezi hata kupitisha sindano pale pale mara ya pili. Ngozi itachanika kama stempu. Kila masika alikaa hapa, tukaziba kwa nta. Nta ikilegea njiani, alibana viwiko maji yasiingie. Aliniomba nisimwambie mtu. Hata leo nisingesema, Tumpe; ungenitukana tu tukaachana. Lakini mtoto ameshika wembe."

Tumpe alikaa juu ya jora la kaniki. "Na mimi nilidhani ile nta ni ya kung'arishia buti," alisema polepole.

Lugano aliingiza mkono mfukoni mwa koti. Bonge lilikuwa pale. Alilitoa, akaweka kidole gumba chake kwenye alama ya kidole gumba cha baba yake. Alama ilikuwa pana kuliko kidole. Ndipo alipogundua kwamba viwiko vyake mwenyewe, saa hiyo, vilikuwa vimebana mbavu, na hapakuwa na mvua. Akaviachia.

Sekela alianza kuishona bitana. Tumpe akainuka, akapangusa macho kwa pindo la kanga, akarudisha ukali wake usoni.

"Nimesikia yote. Hata hivyo, umemliza mwanangu mbele za watu. Radhi bado naitaka."

Sekela alimaliza mshono, akamkabidhi Lugano koti. Mama na mwana wakatoka na koti lao.

Lugano alishuka Songea akiwa amevaa hema. Walimcheka siku tatu, kisha kipupwe kikaingia, wakaanza kuliazima. Yeye akajifunza kupasha nta kwa pumzi na kuziba tundu moja moja, kama alivyofanya baba. Ugali wa bweni na jembe la shamba la shule vilifanya kazi yao kimya kimya, na mwisho wa kidato cha sita kijana aliyerudi Katumba hakuwa ufito tena. Kifua kilijaza koti. Mabega yalitupa pamba nje. Mikono tu ndiyo iliyokuwa imepanda, ikaacha vifundo wazi.

Akaja barazani na mama yake. Benchi lilikuwa lile lile, na Mzee Mwaipaja alikuwa pale pale.

"Mzee, kiraka hakijaisha tu?" aliuliza Lugano.

"Hiki ni kiraka juu ya kiraka, mwanangu. Suruali yenyewe nimeisahau sura."

Sekela alichukua wembe. Akakata uzi wa bitana, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akavuta. Ngozi ilishuka taratibu hadi kwenye vifundo, nyeusi, laini, bila tundu hata moja. Lugano alinyoosha mikono mbele yake, akaigeuza huku na huku. Wazee waliomjua Asajile walitazama pembeni, kwani aliyesimama pale alikuwa kana kwamba ameshuka kwenye pikipiki sasa hivi.

Tumpe alimzunguka mwanawe mara moja, kisha akamgeukia Sekela.

"Sawa, Fundi, koti tumeliona," alisema, na safari hii tabasamu lilikuwa linamponyoka. "Lakini radhi yangu huu mwaka wa pili. Sijaipata."

"Mpe tu, yaishe," alisema Mzee Mwaipaja. "Neno moja tu."

Sekela alirudia kiraka cha mzee, akaukata uzi wake kwa meno. Akaichomeka sindano kwenye mto, akamtazama Tumpe usoni.

"Baba yake alililia wembe, nikampa. Huyo nilimwomba radhi, kila masika, hadi alipoingia kaburini. Mwanawe naye aliulilia, nikamnyima, na mtazameni. Akililia wembe mnyime. Ngozi haisahau sindano."

"Kwa hiyo?" aliuliza Tumpe.

"Kwa hiyo siombi."