Kitambaa cha Kompyuta Ambayo Haijanunuliwa

Jambo lenyewe lilianza Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa tatu, saa kumi na robo alasiri. Nataja siku na saa kwa sababu binti ninayemsimulia ni mtu wa kutaja siku na saa. Ukimwambia "juzi juzi hivi" anakuuliza juzi asubuhi au juzi mchana. Alisoma hadi chuo kikuu, akapata kazi nzuri mjini, na kila Jumamosi hupanda kilima kwenda kumsalimia mama yake, mjane anayeishi peke yake na kuku zake. Msijisumbue kumtafuta ni nani. Wengine wenu mmekaa naye benchi moja, na wengine mmekuja naye leo ndani ya nguo zenu.

Siku hiyo mama alimmiminia chai huku ametumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe.

"Mama! Kidole kwenye chai!"

"Kidole hiki kimekulisha uji, na mbona hukufa?" Chai ilipogusa kidole, mama akaacha kumimina. Kisha akasema, kama mtu anayeomba chumvi, "Mwanangu, nataka kompyuta."

"Wewe? Kompyuta?"

"Mimi. Kwani nimekatwa mikono? Nataka nimwone mdogo wako. Huku kwenye simu uso wake ni kama punje ya harage."

Mdogo wake alikuwa kitinda mimba, aliyekwenda Uarabuni kulinda maghala, na mkataba wake ulikuwa haujafika hata nusu. Binti akafurahi. Hela ilikuwepo, tusije tukasingizia umaskini. Akasema, "Mama, hilo nimelichukua. Niachie mimi."

"Ila uniambie mapema," mama akasema, "ni ile ya kukaa mezani au ile ya mapajani? Nijue kitambaa nikifume saizi gani."

Mnawajua mama zetu. Kitu cha thamani hakikai uchi sebuleni. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, mtungi una chake, hata mikono ya makochi imevalishwa. Na mama huyu hakuwa mfumaji wa kubahatisha. Maua yake yalikaa sawa kana kwamba yamechapwa kiwandani, na mabibi harusi walimtumia nyuzi kutoka wilaya ya pili.

Jumatatu binti akawauliza wenzake ofisini. Ndugu zangu, kama hamjawahi kuuliza watu swali hili, msiulize. Wako walioshika dini ya madirisha, na wako walioshika dini ya lile tunda lililomegwa.

"Chukua ya tunda," mmoja akamwambia. "Utasahau hata kama uliinunua, haisumbui."

"Tunda tena?" akadakia wa pili. "Tangu Edeni tumeambiwa tusiguse, mwenzetu bado anamega! Dada, chukua ya madirisha. Ikiharibika, fundi yuko kila kona."

"Fundi yuko kila kona kwa sababu inaharibika kila kona."

"Na ya kwako ikiharibika unaipeleka wapi, mbinguni?"

Wakacheka. Binti hakucheka. Alirudi kwenye meza yake. Itakuwaje akinunua ya tunda, ikagoma, na mama yuko peke yake kilimani? Itakuwaje akinunua ya madirisha, mama akabonyeza kitu asichokijua, akaibiwa na matapeli? Alisoma maoni ya watu wasiojulikana mpaka akaanza kuwajua kwa majina. Wakatokea na wengine wanaosema zote mbili ni upuuzi, iko ya bure wanayoitumia mafundi wenyewe. Akaisoma na hiyo.

Jumamosi akamwambia mama, "Ya mezani. Kioo chake ni kikubwa."

"Haya," mama akasema, na jioni ileile akaanza kufuma kitambaa kirefu, cha kuteremka mpaka mgongoni mwa kioo.

Wiki hiyo umeme ukakatika mji mzima. Binti akakaa gizani akifikiri: ya mezani ingezimika palepale, mama katikati ya maneno, kijana katikati ya kicheko. Jumamosi akasema, "Mama, tubadilishe. Ya mapajani. Ile inakaa na chaji."

Mama akafumua kitambaa. Akakunja uzi upya kwenye kidonge. Akaanza kifupi, cha mraba.

Halafu binti akawaza, ya mapajani kioo chake ni kidogo, si ndiyo yaleyale ya punje ya harage? Na herufi zake zimebanana, na mwizi anaibeba kwapani kama Biblia. Akakumbuka ziko nyingine za mezani ambazo mashine yote imejificha ndani ya kioo. "Mama, subiri kwanza." Mama akafumua tena.

Kwaresima ikaisha. Pasaka ikapita. Mahindi yakavunwa, yakakaushwa, yakapukuchuliwa. Binti akaingia duka hili, akatoka, akaingia lile. Muuzaji mmoja aliyekwisha kumzoea akamwuliza, "Dada yangu, wewe unanunua au unafanya utafiti?"

"Nataka nisikosee."

"Mtumiaji ni nani?"

"Mama yangu."

"Anataka kufanyia nini? Mahesabu? Kuchora ramani?"

"Kuonana na mwanawe."

"Basi chukua yoyote humu ndani. Hata ile pale yenye vumbi."

Yoyote! Neno hilo lilimchoma kama pilipili. Mtu asiyempenda mama yake ndiye anayenunua yoyote. Akamshukuru kwa adabu na kutoka. Na njiani, badala ya kujiuliza mama ataona nini, alijiuliza watu watasema nini: msomi mzima, na chuo chake, angalia alichomnunulia mama yake.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Siku hiyo alipanda kilima akiwa mwepesi, maana alikuwa amekata shauri. Ya mapajani, ya madirisha, yenye kioo kikubwa kuliko zote za aina yake. Jumatatu angekwenda kuichukua.

"Shikamoo mama! Nimeshachagua!"

"Marahaba. Afadhali, maana mimi nimechoka kukusubiri. Nimefuma tu, itakayokuja itaenea humohumo." Mama akaingia chumbani akiupapasa ukuta, akarudi na kitambaa, akakitandaza juu ya meza.

Binti aliinama kukitazama. Mistari ya mwanzo ilikuwa ya mama yake, iliyokazwa, iliyonyooka. Mbele kidogo ua moja lilikosa jani. Mbele zaidi matundu yalianza kupishana, makubwa kwa madogo, na ukingo ukaenda mrama kama kazi ya mtoto wa darasa la tatu. Na katikati ya bluu palikuwa na kipande cheusi, ameunganisha uzi mwingine akidhani ni uleule.

Macho yaliyojua kuhesabu vidoadoa vya kila skrini mjini yakaona sasa.

"Mama, hapa umeruka."

"Wapi?"

Binti akauchukua mkono wa mama, akaupeleka penye tundu. Kidole cha mama kikaingia chote. "Kumbe," mama akasema taratibu.

"Mama, unaniona?"

"Si huyo umesimama hapo?"

"Nimevaa rangi gani?"

Mama akageuza kichwa pembeni, kama kuku anayetazama punje. Akacheka kidogo. "Umevaa haraka zako, kama kawaida."

Binti akaketi kwenye kochi, juu ya vitambaa. Ndipo mama akasema. Ni presha ya macho. Daktari alimweleza kabla ya ile Jumamosi ya chai: kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ya matone inalinda kilichobaki, na matone alikuwa akitia kila siku. Lakini jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kwenda. La kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe lilikuwa linazidi kuziba.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Miezi yote hii! Kwa nini?"

Mama akakikunja kitambaa mara mbili, pole pole, akitafuta pembe kwa vidole.

"Ungeanza kulinganisha hospitali, mwanangu."

Ndugu zangu, nani wa kulaumiwa? Tafuteni mkosaji basi. Ni dirisha? Ni tunda? Ni muuza duka aliyesema chukua yoyote? Binti alikuwa mvivu? Hakulala vizuri miezi saba. Alikuwa mchoyo? Hela ilikaa benki ikimngoja. Alikuwa hampendi mama yake? Alimpenda mpaka akaogopa kukosea. Na kila alipokuja kwake alikuja na habari za mashine, na kila alipokuja palikuwa na kidole ndani ya kikombe.

Sisi ndio hao. Tunamwomba Mungu atuonyeshe njia iliyo bora kuliko zote, naye ametuweka mbele ya mtu mmoja aliyeomba kitu kimoja. Tutamtembelea mgonjwa, ila kwanza tupate zawadi inayofaa. Tutapatana na ndugu yetu, ila kwanza tupate maneno yasiyo na kosa. Ukituuliza tunafanya nini, tunasema tunapima. Sisemi msipime, anunuaye bila kupima hununua mara mbili. Nasema kuna kupima kwa mtu anayetaka kutoa, na kuna kupima kwa mtu anayeogopa kulaumiwa, na hivi viwili vinavaa nguo moja. Mtavitambuaje? Jiulize tangu ulipoanza kupima, umemwuliza mwenye haja swali la pili? Binti yule aliwauliza watu wote wa mji. Lakini hakumwuliza mama yake hata siku moja, "Mbona unataka sasa?"

Na wewe unayeficha, mama yangu, baba yangu, nakuheshimu, lakini nawe sikia. Unasema hutaki kuwatia watoto presha. Presha wameshaipata, ila wameielekeza pasipo na ugonjwa. Waambie panapouma.

Sasa nimalizie, maana najua mnataka kujua kama alimwona.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Binti hakungoja Jumatatu. Alfajiri alimpigia katibu wa usharika, akamwomba ufunguo wa ofisi, na kabla ya ibada ya kwanza akamshika mama yake mkono wakateremka kilima. Mle ofisini mna kompyuta kuukuu ya mezani, ile inayochapa matangazo yetu, ambayo ikiwashwa inanguruma kama mashine ya kusaga. Binti hakuangalia hata ni ya aina gani. Kioo kilikuwa na vumbi. Akatafuta kitu cha kufutia, asipate, mama akafungua mkoba wake akatoa kitambaa. Binti akasita.

"Futa," mama akasema. "Nilikifuma kwa ajili yake."

Akafuta. Akaunganisha intaneti ya simu yake, akapiga. Kompyuta ile haikuwa na kamera, kwa hiyo kijana kule mbali hakuona kitu, alisikia sauti tu. Lakini uso wake ulitokea, mkubwa, umejaa kioo kizima.

Mama akavuta kiti mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Hakuweza kumwona wote kwa mara moja. Akaanza juu, akateremka kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua: paji la uso, kovu la utotoni juu ya nyusi, jicho, jicho la pili, pua ya marehemu baba yake. Alipofika chini akasimama. Akakunja uso.

"Amefuga ndevu huyu."

"Mama? Ni wewe, mama?" kijana akauliza. "Mbona siwaoni?"

"Mwambie akanyoe," mama akamwambia binti, bila kuondoa jicho kwenye kioo. "Nataka nimwone kidevu."

Kule upande wa pili kiti kikasukumwa. "Nakwenda kunyoa sasa hivi. Mama, msikate! Msiondoke!"

Kengele ya ibada ikapigwa. Binti akavuta kiti cha pili, akaketi karibu na mama yake, na wote wawili wakabaki wakitazama ukuta mtupu wa chumba cha kijana, wakimngoja arudi.