Injini ya Bwana Singano

Gereji ilikuwa ya Fundi Hoza, lakini kiwanja kilikuwa cha Bwana Singano, tajiri wa mbao pale Lushoto. Asubuhi moja Singano alileta gari lake kuukuu aina ya jipu, akanyoosha fimbo kwenye injini ya dizeli iliyokuwa ikizungusha mashine ya fundi ya kusaga mahindi.

"Hiyo naitaka ndani ya gari langu. Hii ya petroli imechoka, haipandi mlima. Ukikataa, hama kiwanjani kwangu!"

"Nami nitapata nini, Bwana?"

"Si utachukua hii ya zamani? Kinachotoka chako, kinachobaki changu."

"Hebu rudia, mjumbe asikie."

Singano akarudia kwa sauti, mjumbe wa mtaa na wanywa kahawa wote waliokaa mlangoni pa gereji wakasikia.

Hoza akaifunga injini ya petroli kwa mnyororo kwenye boriti la gereji, akafungua bolti zake, akauvuta mnyororo mpaka injini ikaning'inia.

"Sasa tusukume, Bwana."

Singano akatia bega, jipu likaserereka hadi uani. Huko Hoza akafunga ile ya dizeli garini. Jioni ikanguruma, na Singano akarukia usukani akicheka.

"Shuka, Bwana. Gari ni langu."

"Lako tangu lini? Chako ni kilichotoka!"

"Na kilitoka kipi?"

Mjumbe akachungulia gerejini. Injini ya petroli ilikuwa inaning'inia pale pale, haijasogea hata shubiri.

"Yako hiyo, imebaki," Hoza akasema. "Lililotoka ni gari. Tena ulilisukuma mwenyewe."