Chai ya Leokadia na Daktari wa Kwenye Simu

Isome taratibu, hata wewe uliyezoea kuruka hadi mstari wa mwisho.

Palikuwa na ndugu wawili wa kike mjini Bukoba, Leokadia na mdogo wake Adventina. Leokadia aliuza chai ya kukondesha. Adventina aliikausha, akaisaga, akaitia kwenye pakiti zenye picha ya kiuno cha mwanamke ambaye hakuna aliyemjua.

Adventina alijua vizuri kilichomo: mchaichai, tangawizi na maganda ya limau. Chai nzuri, haina ubaya wowote, ila haijawahi kumkondesha binadamu. Ushahidi ulikuwa Leokadia mwenyewe, mwanamke mnene wa haja, aliyeinywa miaka nenda rudi bila kupungua hata kidogo. Wateja waliliona hilo. Walimtazama yeye, wakaitazama pakiti, wakasema, "Tutapita tena."

Halafu mwaka mmoja Leokadia akaanza kupungua.

Yalianza mashavu, ikafuata mikono. Magauni yakampwaya. Hakuwa amebadili chakula. Tena alikula kuliko zamani. Lakini mwili uliyeyuka tu, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Kila alipopita sokoni aliitwa.

"Mama, umependeza! Ni ile chai?"

"Ni ile ile. Si mlikuwa hamniamini?"

Pakiti zikawa hazikai. Picha yake ya zamani na ya sasa zikawekwa ubavu kwa ubavu, zikazunguka kwenye simu za wanawake wa mji mzima. Aliyezipiga na kuzipanga ni Adventina. Na ni Adventina aliyejaza jagi la maji la dada yake asubuhi, akalijaza tena kabla ya chai, na usiku akamsikia akifungua mlango wa choo mara kwa mara.

"Dada, hii kiu yako si ya kawaida."

"Joto."

"Joto Bukoba? Na mvua yote hii?"

"Adve, Mungu akikupa kitu usimdai risiti."

Kilichomsumbua Leokadia ni kingine kabisa: aliogopa neema isije ikakatika. Mwenyekiti wa akina mama wa parokia alikuwa amemwalika azungumze kwenye semina yao ya afya, na Leokadia alitaka asimame pale akiwa mwembamba zaidi. Akasikia kwamba kuna kliniki huko Dar es Salaam ambayo madaktari wake wanakuona kwa video. Wanakuhoji, na wakiona unafaa wanakuandikia sindano ya kupunguza mwili. Hakuna foleni, wala mtu wa kukukuta umeketi kwenye benchi la hospitali. Hilo la benchi ndilo lililomfurahisha.

Siku ya miadi alivaa kitenge kipya na hereni, utadhani anakwenda kuposwa. Simu aliiegemeza kwenye kopo la tangawizi. Adventina akaketi upande wa pili wa meza, mahali ambapo kamera haikufika, na pakiti za chai zimepangwa nyuma yake hadi karibu na dari.

Daktari Shemhilu alikuwa binti mdogo mwenye miwani, asiye na haraka.

"Shikamoo, mama. Uko peke yako? Nitakuuliza mambo ya ndani kidogo."

"Marahaba. Peke yangu kabisa."

Adventina akabana pumzi.

"Sawa. Kabla hatujafika kwenye dawa nitauliza mengi, na mengine yatakuudhi. Dawa hizi hazimfai kila mtu. Na mimi huku niliko siwezi kukushika hata mkono. Nina maneno yako tu. Kwa hiyo niambie mambo kama yalivyo."

"Wewe uliza, mwanangu."

Akaulizwa umri, urefu na uzazi. Akaulizwa presha, kama amewahi kuugua kongosho, kama kwenye ukoo wao kuna aliyepata saratani ya tezi ya shingo. Leokadia alijibu harakaharaka, kama mtu aliyebishiwa hodi na karani wa sensa.

"Kuna dawa yoyote unayotumia? Hata mitishamba? Hizi chai za kukondesha, kwa mfano?"

"Chai za kukondesha!" Leokadia alicheka hadi hereni zikatikisika. "Dokta, mtu na akili zake?"

Adventina hakujua atazame wapi.

"Una kilo ngapi sasa?"

"Tisini na nane."

"Na miezi sita iliyopita?"

"Hizo hizo. Mwili huu umegoma, dokta. Haupungui hata kwa maombi."

Uongo huu aliuandaa mapema. Alikuwa amepiga hesabu zake kwamba akijulikana anakonda mwenyewe, sindano atanyimwa. Hivyo jambo pekee ambalo daktari alihitaji kulijua ndilo alilolificha, tena kwa tabasamu.

"Basi tupime," alisema Daktari Shemhilu. "Kwenye ujumbe tulikuomba uwe na mizani. Iweke chini, unielekezee kamera, halafu upande."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mama."

Leokadia akainuka shingo upande. Adventina alipomwona anapanda, alitamani aongeze mguu wake juu ya mizani ili amsaidie.

Mizani ilisema sabini na tisa.

Daktari aliiandika namba hiyo. Leokadia akarudi kwenye kiti, akalisema vibaya lile limizani la Kichina, akajimiminia maji.

"Mama, hiyo ni glasi ya ngapi tangu tuanze kuongea?"

"Glasi gani?"

"Hiyo unayoimimina."

"Nina kiu. Maji nayo ni dhambi?"

"Si dhambi. Usiku unaamka sana kwenda chooni? Macho je, yanaona ukungu?"

"Naamka kama watu wote wanavyoamka."

"Kuna mtu wa nyumbani ninayeweza kumwuliza?"

Swali lile lilivuka meza likamfikia Adventina. Hakutakiwa kufanya kazi kubwa. Angeinama tu, sura yake ionekane kwenye simu, aseme: mimi hapa, mdogo wake, na haya ndiyo ninayoyaona kila siku. Leokadia akamkata jicho. Adventina akashusha uso, akatazama mikono yake yenye harufu ya mchaichai.

"Nimeshakwambia niko peke yangu," alisema Leokadia.

Daktari akavua miwani. "Basi nisikilize vizuri. Sindano sikuandikii. Nenda hospitali wakupime sukari. Leo, si kesho."

"Nimelipa nikonde, wewe unanitangazia ugonjwa?"

"Umeshakonda, mama. Ndicho kinachonitisha."

Leokadia akakata simu. "Katoto kale! Kamejificha Dar huko, kanajifanya kanaona hadi damu ya watu."

"Dada, twende. Nitakusindikiza."

"Twende wapi? Anayepima damu pale hospitali ni Nesi Generoza, mteja wangu, ameununulia ukoo wake mzima chai hii. Nimpe kidole changu ili aone kinachonikondesha? Semina ikipita nitakwenda. Nitakwenda hata Mwanza, ambako hawanijui."

Hapo Adventina akaelewa kwamba dada yake hakuwa mjinga. Alijua, au alihisi, na alikuwa ameamua. Angeweza kubishana naye, au kumpigia simu kaka yao, au kumfuata Generoza nyumbani kwake. Badala yake alitandika shuka mezani, akapiga pasi gauni la semina.

Lilikuwa gauni la enzi za unene. Siku ya semina, pale ukumbini, Leokadia alilivuta kiunoni kwa mkono mmoja, akaonyesha nafasi iliyobaki. Mtu mwingine mzima angeenea mle. Vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti alisimama kabisa. Leokadia akaanza kusema, lakini ulimi ulikuwa umemganda kinywani. Akaomba maji. Kabla hayajaletwa alikaa chini polepole, kama anayechagua mahali, kisha akalala. Baadhi ya akina mama waliendelea kupiga makofi, wakidhani ni sehemu ya ushuhuda.

Hospitalini, Generoza ndiye aliyemtoboa kidole. Kipimo hakikutoa namba. Kilionyesha tu kwamba sukari imepita pale kinapoweza kusoma.

Leokadia hakuamka tena.

Wakati wa kumuaga, watu walipita mbele ya jeneza wakilia kweli, kwani alikuwa anapendwa. Lakini Adventina, aliyesimama upande wa kichwani, aliwasikia wakinong'onezana walipomaliza kufuta machozi: "Umeona kiuno? Ameondoka amependeza, jamani."

Baada ya mazishi mwenyekiti alimvuta Adventina nyuma ya nyumba, akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, mdogo wangu. Pengo hili halizibiki."

"Asante, mama."

"Nilitaka kuuliza tu. Ile chai yenyewe, ile aliyokuwa akinywa marehemu, imebaki?"

Safari hii Adventina hakushusha uso. Alisema kwa sauti, hadi waliokuwa wanaosha vyombo wakageuka.

"Haikuwa chai! Ni mchaichai ule, nausaga mimi kwa mikono yangu, haumkondeshi mtu. Dada alikuwa na kisukari. Kilimla mpaka kikammaliza, na mimi nilikuwa namtazama. Kamwulize Generoza, yeye ndiye aliyempima."

Mwenyekiti alimsikiliza kwa huruma, akimpapasa mkono kama mtoto mwenye homa.

"Generoza nimemwuliza. Hata yeye haelewi. Kisukari si cha wanene, mwanangu? Na dada yako unene alikuwa ameshaupona, sote tuliona." Akasogea karibu zaidi, akashusha sauti. "Najua ni siri ya familia. Lakini marehemu hakuwa mchoyo, nawe usianze. Sema tu ni kiasi gani."

Nyuma yake, akina mama wengine walikuwa wameshasogea, vitenge vya msiba vimefungwa viunoni, wakisubiri kusikia bei.

Funzo: Daktari wa kwenye simu anaona kile tu unachomwonyesha wewe na wale walioketi kando yako; basi mwambie ukweli siku ile anapouliza, na kama unaujua ukweli wa mwenzako, useme angali hai, kwa sababu ukishamzika, hata ukiupigia kelele hakuna atakayeutaka.