Chachu Haipigiwi Kengele

Chachu haipigiwi kengele. Bibi Redempta Hyera aliyatamka maneno hayo ukumbini mwa kwaya, siku vijana wawili walipogombana na mwenyekiti wao akataka washikane mikono papo hapo, kabla ya misa ya Jumapili. Vijana walikuwa wameyasikia maneno hayo majumbani kwao tangu utotoni, ila hakuna aliyejua yalikotoka. Mmoja akamwuliza. Bibi akafunga kitabu chake cha nyimbo, akavuta kiti, akakaa.

Methali hiyo, aliwaambia, ilianza hivi.

Zamani kidogo, kwenye milima ya kusini, mahali paitwapo Lihangweko, palikuwa na nyumba ya wamonaki. Walilima, walioka mikate, walichonga samani, na walipika bia. Bia hiyo haikuwa ya kulewa. Ilikuwa ya mezani siku za sikukuu, na ya wageni waliofika wamechoka kwa safari. Aliyeipika alikuwa Bruda Metodi Hyera, baba mdogo wa Bibi Redempta, mtu mwembamba, mpole wa sauti, mgumu wa kusahau. Kazi hiyo alirithishwa na mmonaki Mjerumani, Bruda Luitpoldi, aliyemfundisha kwa miaka kumi na mmoja kisha akafa. Mzee huyo alikuwa na kovu refu mkononi. Alipoulizwa lilitokana na nini, alijibu neno moja tu: chupa.

Metodi alijifunza kuotesha nafaka mpaka iwe kimea, kuichemsha, kuipoza, kisha kutia chachu na kungoja. Kungoja ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Kila asubuhi aliweka sikio kwenye pipa akasikiliza. Pipa likinong'ona, chachu bado ina kazi. Likinyamaza siku tatu mfululizo, ndipo bia hutiwa kwenye chupa.

Mkuu wa nyumba ile alikuwa Padre Gaudensi Mbawala, Mwafrika wa kwanza kuwa Priori pale. Yeye na Metodi waliingia utawani mwaka mmoja, wakalala bweni moja, wakachimba pamoja msingi wa kanisa. Lakini mmoja alisomeshwa upadre na mwingine akabaki bruda wa kazi za mikono, na tangu hapo maneno kati yao yalipungua.

Mwaka nyumba ilipotimiza miaka hamsini, Abate, mkuu wa nyumba mama, alitoa taarifa kwamba atakuja kuadhimisha jubilei. Metodi alianza kupika bia mapema. Kisha ikaja barua nyingine: Abate angefika wiki mbili kabla ya siku iliyopangwa. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi imeshika milima, na chachu ilikuwa inafanya kazi kivivu.

Padre Gaudensi alimwuliza Metodi mezani, mbele ya ndugu wote, siku ambayo kuzungumza kuliruhusiwa.

"Bruda Metodi, bia itakuwa tayari Abate akifika?"

"Bado, Padre Priori. Pipa linasema bado."

"Pipa linasema?" Padre Gaudensi alitabasamu. "Bruda, katika nyumba hii tunaamka kwa kengele, tunasali kwa kengele, tunakula kwa kengele. Na chachu nayo imo katika nyumba hii. Iambie kengele imelia."

Ndugu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini Metodi alikisikia kama kofi. Alikuwa na neno lililobaki mdomoni: kwamba bia ikifungwa kabla chachu haijamaliza, nguvu yake hujaa ndani ya chupa mpaka chupa ishindwe. Alilijua kutokana na kovu la mwalimu wake. Neno hilo hakulisema. Alisema tu, "Nimesikia, Padre."

Akatii. Alijaza chupa, akaziba kwa vizibo na waya. Priori akaagiza ziwekwe kwenye chumba kilichopakana na tanuri la mikate, ili joto liharakishe povu. Metodi akazipanga humo bila kusema lolote. Kila alipoingia alijifunika uso kwa gunia lililokunjwa mara mbili, na alipotoka alifunga mlango. Hakumwambia mtu kwa nini. Moyoni alikuwa anasema: acha aone.

Siku moja kabla ya Abate kufika, karibu na adhuhuri, Metodi alikuwa uani akiosha ndoo. Akamwona Padre Gaudensi akikatiza ua, ufunguo mkononi, anaelekea kile chumba. Alitaka kuchagua mwenyewe chupa za meza ya Abate. Metodi alisimama. Akafungua mdomo. Wakati huohuo kengele ya sala ya adhuhuri ikalia, na kwa kanuni ya nyumba ile, kengele ikilia maneno yote hukoma.

Padre Gaudensi alimwona, akainua kidole kimoja, kama kusema: nakuja sasa hivi. Akaingia.

Metodi alikuwa na nafasi ya neno moja. Hakulisema. Alishika njia ya kanisani, akasimama mahali pake. Walikuwa hawajamaliza zaburi ya kwanza mlio uliposikika, kisha mwingine, kisha mingi pamoja, kama mahindi yanayopasuka jivuni.

Walimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, bia na damu vimechanganyika kifuani. Hakupiga kelele. Aliuliza kama kuna mwingine aliyeumia. Wakampeleka hospitali ya misheni, na daktari akafanya alichoweza, lakini jicho la kulia halikuokoka, na la kushoto lilibaki na ukungu.

Jubilei iliadhimishwa kwa chai. Siku ya pili Metodi alikwenda hospitalini kwa miguu, mwendo wa saa tatu. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nilikuona ukiingia," alisema.

Padre Gaudensi, kichwa kimefungwa bandeji, aligeuza kichwa kuelekea sauti ile. Kisha akasema, "Kengele ilikuwa imelia."

"Ilikuwa imelia. Lakini si kengele iliyonifunga mdomo."

"Ni nini, basi?"

"Ni kile kicheko cha mezani. Na kabla ya kicheko, miaka mingi. Nilijua chupa zitapasuka, Padre. Nilijua tangu siku uliyoniagiza. Nisamehe."

Mgonjwa aligeuzia uso ukutani. Metodi alingoja mpaka muuguzi alipokuja kumwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Alirudi kwa miguu, na siku hiyo alihisi kwamba nyumba aliyoijenga kwa mikono yake haikuwa tena nyumba yake.

Habari ilimfikia Abate, kwa kuwa Metodi mwenyewe aliungama mbele ya ndugu wote. Abate alikuwa mtu mwema, lakini mtu wa utaratibu, na safari yake ya kurudi ilikuwa Jumatatu. Aliona vibaya kuondoka na kuacha jeraha wazi. Jumapili asubuhi aliagiza Priori aletwe kwa gari kutoka hospitalini, akawakusanya ndugu wote katika chumba cha mkutano. Metodi alisimamishwa katikati. Padre Gaudensi aliketishwa kwenye kiti, blanketi magotini.

"Ndugu zangu," Abate alisema, "leo ni siku ya Bwana. Bruda Metodi ameomba msamaha. Padre Priori, mpe amani yake hapa, tuisikie sote, kisha twende tukasali. Kengele ya misa inalia baada ya dakika chache."

Watu wote walimtazama mgonjwa. Metodi alitazama miguu yake.

"Baba Abate," Padre Gaudensi alisema, kwa sauti ndogo iliyowafanya ndugu wasogeze vichwa, "nikilitamka neno hilo sasa, nitakuwa nimetii. Lakini halijaiva ndani yangu. Nikilifunga hivi lilivyo, nikalitia kizibo, litakuja kupasuka siku nyingine, na mimi sijui litamkuta nani mlangoni."

"Msamaha ni amri ya Bwana, Padre."

"Ni amri, na ninataka kuitii. Namwomba Bruda anivumilie, nami naomba mnivumilie wote." Akavuta pumzi kwa shida. "Niliwachekesha watu mezani, nikasema chachu nayo imo katika nyumba hii. Nilikosea, na nimelipa. Baba, chachu haipigiwi kengele."

Hakuna aliyecheka. Nje, kengele ya misa ikaanza kulia, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuna mmonaki aliyeinuka. Abate mwenyewe alibaki ameketi mpaka ikanyamaza. Kisha akasema, "Basi tutangoja pamoja nanyi," akaongoza njia ya kanisani.

Metodi aliomba aondolewe kwenye kazi ya bia. Priori alikataa. Badala yake alimpa kazi ya pili: kwa kuwa jicho lililobaki halikuweza tena kusoma, Metodi angemsomea zaburi kila siku alasiri. Kwa hiyo waliketi pamoja, siku baada ya siku, mmoja akisoma, mwingine akisikiliza. Mwaka wa kwanza hawakuzungumza neno nje ya kitabu. Mwaka wa pili Padre Gaudensi alianza kumsahihisha matamshi ya Kilatini, na mara moja Metodi alithubutu kumkumbusha jinsi walivyotumbukia matopeni wakichimba msingi. Padre Gaudensi aliitikia kwa kichwa tu. Lakini kesho yake aliuliza, "Yule fundi aliyetuvuta, jina lake nani vile?"

Mwaka wa tatu, siku ya kawaida, mvua ikinyesha, Metodi alimaliza zaburi akafunga kitabu. Padre Gaudensi alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata wa mwenzake.

"Metodi," alisema, bila kumwita Bruda, kama alivyokuwa akimwita bwenini, "nimekusamehe. Nimelisikiliza neno hili siku nyingi, limetulia. Nawe unisamehe kicheko."

Metodi alifungua tena kitabu akasoma zaburi ileile tangu mwanzo, na mwenzake hakumkatiza.

Bibi Redempta alifungua tena kitabu chake cha nyimbo. Wale vijana wawili waliogombana walikuwa wamekaa pande mbili za ukumbi, na hakuna aliyewasukuma wasogeleane. Mwenyekiti akauliza polepole, "Kwa hiyo, Bibi, tuwaache tu?"

"Msiwaache," Bibi alisema. "Abate alikaa nao mle chumbani mpaka kengele ikanyamaza, na Metodi alisoma kila siku. Kaeni nao, imbeni nao, wapeni joto la kutosha, wala lisizidi. Ila mkono wa amani msiwalazimishe leo kwa sababu Jumapili imefika. Chachu, wanangu, haipigiwi kengele."