Kwa Nini Mwanamke wa Ndani ya Simu Husema Tafadhali

Msimcheke. Mkipiga simu mkamkuta yule mwanamke akisema mtu wenu hapatikani, mnasonya na kumtukana, na juzi nimemsikia mmoja wenu humu ndani akimwuliza, "Kwani wewe ni mke wake?" Sitaki kuyasikia tena hayo, wajukuu zangu. Kaeni niwaambie alikotoka.

Ulikuwapo wakati mtu hakuwa na simu, ila alikuwa na jirani. Ukitoka kwako uliacha neno kwake: naenda shamba, narudi jua likipoa. Mgeni aliyekuta mlango umefungwa hakurudi zake, alikwenda kwa jirani. Katika mtaa wa Kisimani jirani huyo alikuwa Bi Mwatime, wa nyumba ya kwanza unapoingia. Alikaa dirishani akisuka ukili wa mkeka, na aliyemwuliza mtu alijibiwa kwa kirefu. Fulani amekwenda kwa shangazi yake, goti linamsumbua, atarudi kwa njia ya sokoni. Ingia ukae, maji yamo mtungini.

Bi Mwatime alikuwa na mwana mmoja tu, Sudi, aliyeondoka kwenda kutafuta maisha kabla hajaota ndevu. Barabara yote ilipita mbele ya dirisha lile. Kila mtu mtaani alijua kwamba mama huyu hasuki ukili tu pale, anamngoja mwanawe.

Kisha watu wakachoka kupatikana. Sijui ulikuwa upepo gani. Kuna aliyewakimbia wakwe, maana walikuja kusalimia wakakaa mpaka mahindi yakakomaa. Kuna aliyekimbia zamu ya kuzoa tope kisimani. Wote walikwenda kwa Bi Mwatime na ombi moja, kwamba asiseme walipo. Aseme tu hawapatikani, watu wajaribu tena baadaye.

"Nitasemaje hupatikani, mwanangu," alimwambia wa kwanza, "nawe uko jikoni unakula, nakuona?"

Lakini walimbembeleza, naye hakuzoea kumnyima mtu. Alisema mara moja, akasema tena, ikawa ada. Taabu ilikuwa macho yake. Akisema fulani hapatikani, macho yalikwenda yenyewe kwenye nyumba alimojificha fulani, na wageni wakafuata macho. Wakwe wakampata mtu wao chini ya kitanda. Basi mtaa mzima ukaja kumwomba afunge dirisha, ajibu akiwa ndani. Bi Mwatime akafunga, na moyo ulimuuma, kwa sababu barabara hakuiona tena.

Nyuma ya dirisha lile sauti yake ikabadilika. Ilikuwa sauti yenye kikohozi, yenye kicheko, yenye kuuliza habari za nyumbani. Ikawa laini, iliyonyooka, isiyomjua mtu. Wageni walikuwa wengi hata akawa anajibu kabla jina halijaisha kutajwa.

Mchana mmoja mtu akapiga hodi. Bi Mwatime alikuwa ameinamia ukili wake gizani. Mtu yule akasema, "Samahani, namtafuta Bi Mwa..."

"Hapatikani. Jaribu tena baadaye."

Yule mtu akarudi hatua moja, akaitazama nyumba. Dirisha alilolijua lilikuwa wazi miaka yote, na sauti iliyomlea haikuwa hii. Akaona nyumba imepata watu wengine. Barabarani lori lililompa lifti lilikuwa linapiga honi kumwita.

"Haya, mama," akasema. "Ukimwona, mwambie nilifika."

Bi Mwatime aliendelea kusuka. Alisuka kidogo, kisha mkono ukasita. Lile "haya, mama" lilivutwa mwishoni, vile vile Sudi alivyokuwa akiitikia akitumwa chumvi. Alilisukuma dirisha kwa mikono miwili, na vumbi la lori lilikuwa bado halijatua.

Alikimbia. Mwanamke mzima, miguu mitupu, ukili ukiburuzika nyuma yake. Aliita, lakini lori halina masikio. Sudi hakurudi tena, na kwa nini arudi? Aliambiwa mama yake hapatikani, na aliyemwambia ni mama yake.

Bi Mwatime alilia mpaka mwili ukaisha, ikabaki sauti. Watu wa Kisimani waliona haya. Sauti ikakaa pale dirishani, ikiita barabarani.

Simu zilipokuja, zilihitaji mtu wa kukaa mlangoni na kuwajibu wanaotafuta wenzao. Wenye simu walizunguka mpaka wakaisikia sauti ile. Wakaiomba ifanye kazi hiyo, na ikakubali kuyasema maneno yale yale, ila kwa sharti moja, iachwe iongeze neno lake. Wakauliza ni neno gani. Ikasema, "Tafadhali."

Na tangu siku hiyo, ukimpigia mtu usimpate, mwanamke yule hukuambia hapatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye. Nyinyi mnadhani anawafukuza. Yeye haoni ni nani anayepiga, maana dirisha ni lile lile lililofungwa. Kila mmoja wenu humdhania ni Sudi, na humwomba arudi.